Gitaa la Sefu

Bendi inapotoa kibao kipya, kile chake kilichotangulia hufutika kwenye kila simu na redio. Ndiyo sheria, na bendi isiyotoa kibao kila mwezi hufungiwa.

Chausiku, mjane wa mpiga gitaa wetu Sefu, alinikuta napiga pasi shati la jukwaani.

"Shemeji, hicho cha sasa ndicho cha mwisho alichopiga Sefu. Mtoto halali bila kukisikia. Zamani si mlikuwa mnatoa albamu, nyimbo kumi zinakaa pamoja bila kufutana?"

"Zamani, shemeji. Nimechoka hata kukumbuka."

Ijumaa tulitoa kipya. Watu wamekipenda.

Jana nilipita kuwasalimia. Mtoto alikuwa amelala, sikio kaliegemeza kwenye redio iliyozimwa. Nikanyoosha mkono.

"Usiiwashe, shemeji," Chausiku akaninong'oneza. "Itapiga hicho chenu."