Macho ya Kuazima

Chausiku alikuwa akijifunza kuchora wanyama wasiokuwepo duniani. Mwili aliuiga kwenye picha ya mbuzi wa kalenda, mabawa kwenye picha ya korongo gazetini. Macho ndiyo yaliyomshinda, basi akaiteremsha ukutani picha ya harusi ya wazazi wake, akaiga ya baba yake.

Mama yake, Mashavu, alipouona mchoro alicheka. "Ehe, mbuzi wa watu! Mbona anatazama pembeni kama anayetaka kukata kamba?"

"Ndivyo baba anavyotazama kwenye picha ya harusi, mama."

"Usinichokoze. Sudi siku ile hakubandua macho usoni pangu." Na hilo ndilo lililomkalisha miaka yote akimngoja mume aliyeondoka bila kuaga.

"Mwalimu katwambia tuchore tunachokiona, si tunachokijua."

Mashavu akaichukua picha. Bwana harusi alikuwa amemshika bibi harusi mkono, lakini macho yake yalimpita begani, yakaelekea mlangoni.

"Niyafute?" mtoto akauliza.

Mashavu alikwenda dirishani penye mwanga, akaigeuza picha kidogo huku, kidogo kule, akitafuta pa kusimama ili macho yale yamfikie.