Mapovu Yalipokoma

Muuguzi alikuwa hoi, zamu ya tatu mfululizo, aliposikia kimya. Maji ya chupa iliyounganishwa na mashine ya kumsaidia kichanga kupumua yalikuwa yameacha kutoa mapovu.

Mama mtu aliruka kitini. "Dada, ameniacha?"

"Hajakuacha." Mirija ya puani ilikuwa imechomoka tu. Akaishika airudishe, mkono ukasita.

Kifua kile, chembamba kama vidole vitatu, kilipanda, kikashuka, bila kubonyea mbavuni. Midomo ilikuwa myekundu.

"Daktari alitaka tumjaribu kesho bila mashine," alisema taratibu. "Kumbe mwenzetu hana subira."

"Sasa unamrudishia?"

Muuguzi aliishusha mirija. Wakainama wote wawili, wakaanza kuhesabu pumzi.