Pelele Achagua Kusomea Lugha

Wanyama walipofungua chuo kikuu chao, Pelele alichagua kusomea lugha. Mjomba wake Nyegere, bingwa wa kuchimba, alikuja juu.

"Soma uhandisi, mwanangu! Maneno hayachimbi kisima."

"Moyo wangu uko huko, mjomba," akajibu Pelele, akajiandikisha.

Miaka mitatu Nyegere hakumsemesha. Ukame ulipoingia, alichimba kisima kirefu mpakani mwa kina Nyani na kina Nguchiro. Maji yakapatikana, na ugomvi nao ukaanza. Kila kina Nyani walipokuja kuteka walibweka, "Hau!" na kina Nguchiro wakawarushia mawe. Nyegere aliwasihi, akawatisha, wapi! Kisima kikaanza kujaa mawe.

Pelele akaja, akashinda pale akisikiliza pande zote mbili. Mwishowe aliinuka akicheka.

"Jamani, kwa Kinyani 'hau' ni 'hamjambo'. Kwa Kinguchiro ni 'tokeni hapa'. Mwezi mzima mnapigana kwa ajili ya salamu!"

Nyani mkubwa akaangua kicheko, na wengine wote wakafuata. Walitoa mawe pamoja, wakanywa hadi wakatosheka.

Nyegere alimvuta mpwa wake kando, akamnong'oneza: "Mwanangu, hicho chuo chenu kinapokea na wazee?"