Kisicholingana Hukatwa

Kila masika watu walihamishwa, na kila nyumba ilibeba vile tu vilivyoenea juu ya paleti moja ya plastiki, kichanja cha kupakilia mizigo.

"Mama, chagua. Ya buluu au nyeusi?" mkaguzi alimuuliza Bi Mwanahawa.

"Kubwa zaidi hakuna?"

"Kipimo ni kimoja nchi nzima."

Akachagua ya buluu. Masufuria yakaenea, magodoro yakakunjwa. Kikabaki kitanda cha mvule, ambacho juu yake alizaa wanawe wote. Walikifungua vipande vipande, lakini mifumbati, zile mbao ndefu za ubavuni, ilichomoza shubiri nzima nje ya paleti. Mkaguzi akampa msumeno, kisha akatazama pembeni kwa adabu.

"Kisicholingana hukatwa, mama. Ndiyo sheria."

"Basi mimi naona kisicholingana ni hiki chenu."

Akapiga magoti, akaanza kuikata paleti.

"Mama! Hiyo ni mali ya serikali!"

"Na hiki ni kitanda changu."

Jengo zima liliijua sauti ya mbao ikikatwa. Hii haikuwa ya mbao. Majirani wakatega masikio. Kisha, nyuma ya ukuta, msumeno mwingine ukaanza kukwaruza plastiki.