Uzi Mwekundu

Jirani anadai mjomba wangu alilewa, ndiyo maana akaungua. "Wenzake wanatengeneza jua dogo mle kiwandani, yeye kaingia na chupa kichwani!"

Mjomba hanywi. Alisimama tu kando ya bomba. Mwale wa moto ukapinda vibaya, ukatoboa chuma na kumla mkono. Kesho wakubwa wanamfukuza kwa uzembe.

Mimi huzungusha nyaya za shaba kwenye sumaku zinazouongoza mwale huo upite katikati ya bomba. Leo msimamizi aliniletea sumaku iliyotolewa palepale mjomba alipoungulia, niufungue waya wake. Nikabandua utepe. Waya ulizunguka kushoto, ilhali kwenye sumaku zetu zote huzungushwa kulia; ukigeuzwa hivyo, sumaku husukuma mwale ubavuni mwa bomba. Ncha yake ilikuwa imefungwa kwa uzi mwekundu, mafundo mawili.

Karakana nzima, ni mimi peke yangu ninayefunga hivyo.

Jioni nilimkuta mjomba kitandani, bandeji hadi kiwikoni.

"Sasa hata kujikuna nitaomba ruhusa," akatania. Kisha akanitazama. "Mwanangu, wewe unazijua zile sumaku. Kesho twende wote, uwaambie sikukosea mimi. Utawaambia?"

Uzi ulikuwa bado ndani ya ngumi yangu.