Moshi Mgongoni kwa Verlin

Moshi ulichomoza nyuma ya mlima wa Verlin Tibbets saa sita mchana, chini ya jabali lililomzuia yeye mwenyewe, juu ya mnara wake, kuuona. Nedra Pruitt aliuona vizuri kutoka mnara wa pili, ng'ambo ya bonde. Alipaswa kushika redio papo hapo. Badala yake akainjika kahawa.

Wiki mbili kabla wangekuwa wanataniana. Kwa misimu minne walilinda misitu ya Idaho, Marekani, dhidi ya moto hivyo, kila mmoja peke yake kileleni, wakikutana redioni tu. Jioni, kazi ikipoa, Nedra alimsomea hadithi alizoandika mchana huku akisaka moshi kwa macho.

"Nikutumie daftari usome mwenyewe?" aliwahi kumuuliza.

"La nini? Niache nisikie sauti yako, bibie."

Madaftari yenyewe yalishuka kwa nyumbu wa mizigo hadi mjini Boise, kwa Wilma, dada yake Nedra, aliyemlea tangu mama yao afariki. Wilma aliyapiga chapa na kuyapeleka kwa wahariri. "Wamekataa tena," aliandika kila mara. "Usikate tamaa, mdogo wangu."

Kisha Orval, mleta vyakula, akapandisha jarida. Nedra akalifungua na kuikuta hadithi yake ya dubu jike, neno kwa neno. Jina juu yake: R. Dunning. Hakuweza hata kumaliza ukurasa wa kwanza. Hadithi ile Verlin alikuwa amemwomba airudie mara tatu, polepole, kama mtu anayenakili.

"Umeniibia," alimwambia redioni.

"Mimi? Kwa kalamu ipi, we Nedra? Mimi mtu wa shoka!" Akacheka.

Kicheko kile kilimkata maini. Tangu siku hiyo hakumjibu tena.

Sasa redio ikakoroma. "Nedra, nasikia harufu. Unaona chochote mgongoni kwangu?"

Akapuliza kahawa.

"Nedra? Ninunie baadaye, basi. Niambie tu."

Akainywa hadi tone la mwisho. Ndipo akawaita wazima moto.

Verlin alitoka hai, lakini alipita katikati ya miali ya moto. Mikono yake iliungua hadi viwikoni.

Siku ya nne Nedra alishuka hospitalini. Hakwenda kuomba radhi. Alilitupa jarida kitandani. "Haya, soma ulichoiba."

Verlin alilitazama, kisha akageukia dirisha.

"Sijui kusoma, Nedra. Hata jina langu huniandikia Orval. Niliona aibu kukwambia. Ile ya dubu niliishika kichwani, niwe nayo wakati wa baridi, ukiwa umerudi mjini."

Nedra akaliokota jarida kitandani.

"Nisomee basi," Verlin akasema. "Nimeikosa sauti yako."

Akavuta kiti. Akasoma, sauti ikimkatika, ukurasa baada ya ukurasa, hadi kwenye maandishi madogo ya mwisho ambayo hakuwahi kuyafikia:

"R. Dunning ni jina la kalamu la mama wa nyumbani mjini Boise. Hadithi zake, asema, humjia akimwaza mdogo wake wa kike, ambaye ni mlinzi wa moto milimani."