Sentensi Moja, Ukurasa Mzima

Uligeuza shingo pale kwenye benchi la wanaosubiri, usijidai hukuona, siku Bi Mwanamvua alipopeleka ombi lake kwa karani wa ardhi huku tingatinga limeshaegeshwa nyuma ya jiko lake.

Ombi lilipigwa taipu na Bwana Ngoda, mwandika barua wa pale barazani, kwa Kiingereza kizito, sentensi moja ukurasa mzima. Ngoda aliamini nukta huwekwa na mtu aliyeishiwa Kiingereza.

Karani alisoma, akarudi juu, akasoma tena. "Mzee Ngoda, hebu njoo. Huyu mama anataka nini?"

"Si yamo humo?"

"Wapi? Nionyeshe."

Ngoda akavaa miwani. Kidole chake kikateremka mstari kwa mstari, kikapita maneno mazito mazito aliyoyaonea fahari asubuhi, kikafika chini hakijaona ombi. Alikuwa amelisahau.

"Msomi amepotea kwake mwenyewe!" mtu akapiga kelele kutoka kwenye benchi, na wote wakacheka.

"Baba Ngoda," Bi Mwanamvua akasema taratibu, "mimi nilikupa maneno matatu tu. Msibomoe nyumba yangu."

Heri mama angemtukana. Alimsogezea karatasi nyingine, na Ngoda akaipokea kwa mikono miwili, macho chini, masikio yakimwaka moto. Akayaandika yale matatu kwa mkono, kwa Kiswahili, na jina la mama chini yake. Karatasi ikabaki nyeupe karibu yote, wino haujakauka.

Nawe uliyecheka, unangoja nini? Inuka sasa hivi, utie sahihi yako chini ya jina la huyu mama.